MAFUTA YA JIKONI SI MZIGO WA MWOSHA VYOMBO

Ndugu wafanyakazi wenzetu wa viwandani na mashambani,

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya mishahara, saa za kazi, nyumba za kambi na watu kuachishwa kazi bila sababu. Leo tunaomba ruhusa yenu tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu hatupendi hata kulitazama, yaani makombo ya chakula na mafuta machafu yatokayo katika kantini zetu na katika hoteli za chakula zilizo jirani na malango ya viwanda. Wako watakaosema: "Je, chama kimekosa kazi mpaka kinaingia jikoni kuchungulia mapipa?" Tunawaomba ndugu hao wasome mpaka mwisho, kisha watuhukumu.

Kisa kilichotufanya tushike kalamu ni hiki. Mwaka 2023 tuliitwa katika kiwanda kimoja hapa Kampala. Hatukitaji jina, kwani shabaha yetu si kumwaibisha mtu bali kuueleza ugonjwa. Kantini ya kiwanda hicho inaendeshwa na mkandarasi. Siku moja, zamu ya mchana ikiwa imekwisha kupanga foleni ya posho na maharage, maji machafu yalianza kupanda kutoka katika tundu la sakafu. Yalikuwa meusi, yenye utando wa mafuta, na uvundo wake ukaenea mpaka mezani. Chakula kikamwagwa, na wafanyakazi wakarudi kwenye mashine na njaa yao. Siku ya tatu wakaguzi walifika, wakamwandikia mkandarasi onyo na kumpa muda wa kurekebisha.

Je, mkandarasi alifanya nini? Hakuita fundi. Aliwakata mshahara akina mama wawili wanaoosha vyombo, akidai kwamba wameziba bomba kwa uzembe. Kisha akamwita kijana anayebeba mapipa, akamwonyesha chemba iliyo nyuma ya jiko, akamwambia: "Ingia humo na ndoo, utoe uchafu wote kabla ya jioni." Kijana alitazama shimo lile, akasikia harufu yake, akajibu: "Mzee, humo siingii. Waite watu wenye mashine ya kazi hiyo." Jioni ile ile akafukuzwa kwa kosa la kukaidi amri ya mkubwa wake.

Tulipofika tuliuliza maswali matatu tu. Chemba hii ilisafishwa lini mara ya mwisho? Hakuna aliyejua. Nani amefundishwa kuitunza? Hakuna. Katika mkataba baina ya kiwanda na mkandarasi, imeandikwa nani atalipia kazi hiyo? Mkataba ulikuwa na kurasa nyingi juu ya bei ya sahani moja ya chakula, lakini neno chemba halikuwamo. Baada ya mazungumzo ya wiki nyingi kijana alirudishwa kazini, lakini bila malipo ya siku alizokaa nyumbani. Fedha walizokatwa akina mama wale hazijarudi mpaka leo. Hatuwezi kujivunia ushindi wa nusu namna hiyo.

Basi, hoja yetu ni moja nayo tunaisema wazi: usafi wa jiko ni deni la mwenye jiko. Sheria inaposema taka zishughulikiwe vizuri, inasema na yule mwenye fedha na ufunguo wa ofisi, wala haisemi na mama mwenye kitambaa cha kuoshea sahani. Na kama deni hilo halikuandikwa katika mkataba wa pamoja baina ya chama na mwajiri, litashuka ngazi moja baada ya nyingine mpaka limwangukie aliye chini kuliko wote.

MAFUTA HUFANYA NINI NDANI YA BOMBA

Ili tuweze kudai vizuri ni lazima tuelewe kitu chenyewe. Mafuta ya kupikia yakiwa ya moto ni maji, na yakipoa hugandamana. Mpishi akimwaga mafuta ya moto katika sinki, huyaona yakiteremka upesi na kudhani yamekwenda zake. Hayakwenda mbali. Mbele kidogo, mahali bomba lilipo baridi, huganda na kushika ukuta wa bomba. Kesho huja mengine, yakashika juu ya yale ya jana, na punje za wali na nyuzi za nyama zikanasa humo humo. Wako wanaosema: "Tutamwaga maji ya moto na sabuni." Hiyo ni kuhamisha adui tu. Sabuni na moto huyeyusha mafuta kwa muda mfupi, kisha huganda tena mbele zaidi, mahali ambapo mkono wetu haufiki.

Zaidi ya hayo, mafuta yanapooza katika mabomba makubwa ya saruji huungana na chokaa iliyomo na kuwa kitu kigumu kama sabuni mbaya. Msidhani kwamba hayo ni ya nchi maskini peke yake. Mwaka 2017, katika mtaa wa Whitechapel mjini London, mafundi walikuta donge la mafuta na takataka lenye urefu wa mita 250 na uzito wa tani 130 hivi, limeziba bomba kuu chini ya barabara. Wafanyakazi walilipiga kwa mabomba ya maji yenye nguvu na kulichimba kwa majembe kwa muda wa wiki tisa. Waliomwaga mafuta walikuwa juu wakila, na waliochimba walikuwa wafanyakazi.

Dawa yake si siri. Ni chemba ya kunasa mafuta, ambayo huwekwa baina ya sinki na bomba kuu. Kazi yake ni rahisi. Maji ya jikoni yakiingia humo hupunguza mwendo na kupoa. Mafuta, kwa kuwa ni mepesi kuliko maji, huelea juu. Makombo, kwa kuwa ni mazito, huzama chini. Maji ya katikati, ambayo yana uchafu mdogo, hupita chini ya ukuta mfupi na kutoka. Lakini chemba si mganga wa miujiza. Isiposafishwa hujaa, na ikijaa mafuta hupita juu kwa juu kana kwamba haipo. Mafundi wa nchi nyingi hufuata kipimo hiki: mafuta ya juu na matope ya chini yakijumlishwa na kufika robo moja ya kina chake, ni wakati wa kuisafisha. Jiko linalopika chakula kingi cha kukaanga hufika robo hiyo upesi kuliko jiko la maharage na posho, na kwa hiyo ratiba ya kila jiko hupangwa kwa kupima, si kwa kukisia.

WALIO MWISHO WA BOMBA NI SISI

Sasa tuulizane, maji yale yakitoka jikoni yanakwenda wapi? Hapa Kampala maji mengi ya mjini na ya eneo la viwanda huteremkia katika mfereji wa Nakivubo. Mfereji huo hupita kwenye kinamasi na kuingia katika Ghuba ya Murchison, ziwani Viktoria. Na katika ghuba hiyo hiyo, pale Ggaba, ndipo panapovutwa sehemu kubwa ya maji ya kunywa ya jiji hili. Kwa maneno mengine, kinachomwagwa nyuma ya jiko hutafuta njia ya kurudi mezani. Kadiri maji ya ghuba yanavyochafuka, ndivyo kazi ya kuyasafisha inavyozidi kuwa ngumu na ya gharama. Na mfereji ukiziba wakati wa mvua, nyumba zinazoingia maji hazipo juu ya vilima. Ni zile za mabondeni, ambako wafanyakazi wamepanga vyumba.

Ndugu zetu wa mashamba ya miwa na chai wasidhani jambo hili ni la mjini. Katika kambi nyingi hakuna bomba kuu. Maji ya jiko la kambi huingia katika shimo la kunyonyea au katika mtaro ulio wazi. Mafuta huziba matundu madogo ya udongo, shimo likaacha kunyonya, maji yakasimama juu, na nzi na panya wakafanya makao. Watoto wanaocheza kando ya mtaro huo si watoto wa meneja.

Makombo nayo yana njia yake. Shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira lilitoa hesabu kwamba katika mwaka 2022 dunia ilitupa chakula tani bilioni 1.05, na katika kila tani 100 hizo, tani 28 zilitoka katika migahawa, kantini na majiko mengine ya kuuza au kugawa chakula. Chakula hicho kimelimwa na mikono kama yetu. Na kinapotupwa hakipotei. Kikilundikwa pamoja na takataka nyingine huoza bila hewa, hutoa maji machafu na gesi inayowaka moto.

Sisi wa Kampala hatuhitaji kuhadithiwa. Tangu mwaka 1996 taka za jiji zilipelekwa Kiteezi, katika wilaya ya Wakiso. Lundo likakua likawa mlima, na watu maskini wakajenga chini yake, wengine wakiishi kwa kuokota chuma na plastiki. Tarehe 10 Agosti 2024, baada ya mvua kubwa, mlima ule uliporomoka ukafunika nyumba na watu ndani yake. Zaidi ya watu 30 walikufa. Hatusemi kwamba ni mafuta au makombo ya jiko fulani yaliyowaua. Tunasema kwamba taka isiyotenganishwa jikoni inakwenda kutenganishwa na maskini juu ya lundo, na siku lundo likianguka, ndiye wa kwanza kufunikwa.

Hapa pana somo la kushika. Mwezi wa Septemba 2024, baada ya uchunguzi, wakuu watatu wa mamlaka ya jiji waliondolewa kazini. Hakutafutwa mzoa taka wa kubebeshwa lawama. Ikiwa kwa jiji zima ilikubalika kwamba mkubwa ndiye mwenye kujibu, kwa nini katika kantini moja ajibu mwosha vyombo?

SHERIA INASEMAJE

Sheria ya Mazingira ya Uganda ya mwaka 2019 imeshika kanuni inayojulikana duniani kote: anayechafua ndiye alipe. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamwamuru mwajiri alinde usalama na afya ya wafanyakazi wake. Na Shirika la Kazi Duniani, katika Mkataba wake namba 155 wa mwaka 1981, kifungu cha 21, limesema kwamba hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi fedha yoyote. Basi glavu, buti, ndoo, ratiba na gari la kunyonya uchafu si zawadi ya tajiri, wala havikatwi katika mshahara wa mtu.

Mkataba huo huo, kifungu cha 13, unamlinda mfanyakazi anayejiondoa mahali ambapo ana sababu ya haki ya kuamini kwamba maisha au afya yake imo katika hatari kubwa iliyo karibu. Mwezi wa Juni 2022 mkutano wa Shirika hilo uliuweka Mkataba namba 155 miongoni mwa mikataba ya msingi, na kila nchi mwanachama ina wajibu wa kuheshimu misingi yake hata kama haijautia saini. Yule kijana aliyekataa kuingia shimoni hakuwa mkaidi. Alikuwa anatumia haki ambayo dunia imekwisha kuikubali.

Na alikuwa na akili. Katika chemba iliyofungwa siku nyingi, makombo yanayooza hutoa gesi yenye harufu ya mayai yaliyooza, inayoitwa haidrojeni salfaidi. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hukaa chini. Ikiwa kidogo inanuka, lakini ikizidi huua uwezo wa pua kunusa, hata mtu akadhani imekwisha. Akishuka huanguka. Mwenzake juu akiona ameanguka, huruka ndani kumwokoa, naye akaanguka. Taasisi ya Marekani inayochunguza usalama kazini, NIOSH, ilieleza mwaka 1986 kwamba katika vifo vya mashimo na matangi ya namna hiyo, zaidi ya watu 60 katika kila 100 waliokufa walikuwa ni wale walioingia kuokoa wenzao. Ndugu, mlishike hili hata mkisahau mengine yote: mwenzako akianguka shimoni usimfuate. Piga kelele, ita watu wenye vifaa, funga watu wengine wasikaribie. Kumfuata si ushujaa, ni kaburi la pili.

KOSA LETU WENYEWE

Sasa tuseme na sisi wenyewe, maana chama kinachowanyoshea wengine kidole kiwe tayari kunyoshewa.

Miaka michache iliyopita, katika mazungumzo na hoteli moja ambayo pia hatutaitaja, tulidai kwamba mafuta yaliyokwisha kutumika wapewe wafanyakazi wa jikoni wayauze. Mwajiri alikubali mara moja, nasi tukatoka tukishangilia. Ilitupasa kujiuliza kwa nini alikubali upesi namna ile. Yeye alipata watu wa kumwondolea taka bila malipo, na hoja ya nyongeza ya mshahara ikalala.

Mafuta yakawa yanatoka kila Jumamosi katika madumu ya manjano yenye alama ya rangi nyekundu. Jioni moja tulikuwa tumesimama karibu na lango la kiwanda tukinunua mihogo ya kukaanga pamoja na wanachama wetu. Tulipoinama kuchukua chumvi tuliona dumu chini ya meza, na alama nyekundu juu yake. Mihogo ilikuwa mdomoni tayari.

Mafuta yanayochemshwa tena na tena huharibika. Huwa meusi na mazito, hutoa povu, hutoa moshi upesi hata moto ukiwa mdogo, na harufu yake hukwaruza koo. Kwa sababu hiyo nchi nyingi za Ulaya zimeweka kipimo, na mafuta yakifika hapo ni marufuku kuyapikia. Sisi tulikuwa tumeyatoa katika jiko la matajiri baada ya wao kuyakataa, tukayapitisha kwa mkono wa chama, tukawalisha watoto wetu. Mama muuza mihogo hana kosa. Alinunua kilichokuwa rahisi, kwani na yeye ana nyumba ya kulisha.

Tulirudi kwa wanachama wa hoteli ile tukawaambia mpango ufe. Kelele ilikuwa kubwa. "Mmetunyang'anya kidogo tulichokuwa nacho," walisema, na walikuwa na haki ya kukasirika. Siku hizi mafuta yale huuzwa kwa watengeneza sabuni, ambao huyachanganya na kostiki soda, na kila dumu linaandikwa katika daftari: limetoka lini, limekwenda kwa nani. Fedha huingia katika sanduku la tawi. Ni kidogo kuliko zamani, tunakiri. Wanachama wanne waliacha kulipa ada na hawajarudi. Tunawakumbuka kila tunapoandika juu ya jambo hili, na tunawaambia kwamba kosa halikuwa kuzuia mafuta. Kosa lilikuwa kukubali uchafu badala ya mshahara.

MAKOMBO NA NGURUWE WA KAMBINI

Wanachama wengi wa mashambani hufuga nguruwe, na makombo ya kantini ndiyo chakula chao. Jambo hilo si baya lenyewe, kwani ni bora chakula kiliwe kuliko kuoza. Lakini makombo yenye mabaki ya nyama huweza kubeba homa ya nguruwe ya Afrika, ugonjwa ambao kwa mara ya kwanza ulielezwa na wataalamu nchini Kenya mwaka 1921. Haumdhuru mwanadamu, lakini nguruwe karibu wote wanaoupata hufa, wala hauna tiba. Mfanyakazi anayetegemea nguruwe wawili kwa karo ya shule hupoteza mwaka mzima kwa ndoo moja.

Uingereza nayo ilijifunza kwa uchungu mwaka 2001. Ugonjwa wa miguu na midomo ulianzia katika zizi moja ambako nguruwe walilishwa makombo yasiyochemshwa. Kabla haujazimwa, mifugo zaidi ya milioni 6 ilikuwa imechinjwa, na serikali ikapiga marufuku kulisha makombo ya migahawa. Kwetu sisi ushauri ni huu: makombo yachemshwe kwa nusu saa huku yakikorogwa, yapoe, ndipo walishwe. Mabaki ya nyama ya nguruwe yasiwemo kabisa. Maganda na mboga yanaweza kufanywa mboji kwa bustani za kambi. Na kuni za kuchemshia zitoke wapi? Hilo pia ni swali la mezani pamoja na mwajiri, si la mke wa mfanyakazi.

TUDAI NINI

Kazi ya taka si kazi ya watu duni. Tarehe 1 Februari 1968, mjini Memphis nchini Marekani, wazoa taka wawili weusi, Echol Cole na Robert Walker, walijikinga mvua ndani ya lori lao bovu, mashine ikawasaga. Wenzao 1,300 hivi waligoma, wakabeba mabango yaliyosema kwamba wao ni watu. Martin Luther King alikwenda kuwaunga mkono na aliuawa huko tarehe 4 Aprili. Siku kumi na mbili baadaye jiji lilikubali kutambua chama chao na kuongeza mshahara. Kama wao waliweza katika hali ile, sisi tutashindwaje kuandika mistari michache katika mkataba wetu?

Tunapendekeza kila tawi lidai mambo haya katika mazungumzo yajayo:

1. Kila kantini na kila jiko la kambi liwe na chemba ya kunasa mafuta yenye ukubwa unaolingana na chakula kinachopikwa.

2. Ratiba ya kuisafisha ibandikwe ukutani, na daftari la tarehe liwe wazi kwa wawakilishi wa wafanyakazi.

3. Chemba ndogo zisafishwe kutoka juu, kwa vifaa na glavu za mwajiri, ndani ya saa za kazi zinazolipwa. Chemba kubwa zinyonywe kwa gari na watu wenye ujuzi. Mtu yeyote asiamriwe kuingia ndani.

4. Mfanyakazi asikatwe mshahara kwa sababu ya bomba lililoziba wala kwa faini aliyotozwa mwenye jiko.

5. Kiwanda kikimpa mkandarasi kantini, kiendelee kujibu pamoja naye. Kisiseme: "Hao si watu wangu."

6. Mapipa yawe mawili yenye vifuniko, moja la makombo na moja la taka nyingine, na mafuta yaliyotumika yawe na chombo chake na daftari lake.

Waajiri watasema gharama ni kubwa. Wenye vijihoteli vidogo wanaweza kusema hivyo kwa haki, na kwa hao tunaunga mkono wachange chemba moja kwa majiko kadhaa, na halmashauri iwasaidie badala ya kuwafungia biashara. Lakini mwenye kiwanda anayelisha mamia ya watu kila mchana asituambie habari za umaskini. Siku ile maji yalipopanda sakafuni, zamu nzima ilifanya kazi na njaa. Gharama ilikuwapo, ila ililipwa na matumbo yetu.

Nasi tuna wajibu wetu. Tukwangue sahani katika pipa kabla ya kuziosha. Tufute sufuria yenye mafuta kwa karatasi au kitambaa kabla ya maji. Tuweke kichujio juu ya tundu la sinki. Tusimwage supu mtaroni kwa sababu hakuna anayetuona. Tuchukue chakula tunachoweza kukimaliza. Haya hayahitaji fedha, na mwajiri akiona tunayafanya hatapata neno la kutujibu.

Ndugu wafanyakazi, kabla ya mkutano wa tawi ujao, nendeni nyuma ya kantini yenu mkaulize pale ilipo chemba, na ilisafishwa lini mara ya mwisho. Ulizeni kwa adabu, lakini mwandike jibu. Mkijibiwa "hatujui", basi mmekwisha kupata hoja ya kwanza ya kikao. Kisha mwiteni mwosha vyombo, akae mbele pamoja na viongozi, aeleze yeye mwenyewe. Yeye ndiye anayelijua jiko kuliko sisi sote, na kwa muda mrefu hakuna aliyemuuliza.

Umoja ni nguvu.